Kila Rula na Bwana Wake

Mhadhara uliotolewa mjini Wote mbele ya walimu, mafundi na wanafunzi wa uchoraji wa kiufundi kutoka Makueni na Kitui

Nimepewa saa moja kabla ya mlo wa muthokoi. Nitaiheshimu, maana harufu ya jikoni inafika hapa mbele kabla ya kufika huko nyuma, na mimi pia ni mtu.

Nianze na benchi.

Miaka kadhaa iliyopita shule moja iliniomba niichoree benchi la darasani. Nilikuwa ndiyo kwanza naanza kuchora kwa kompyuta, na ulevi wa rula za kidijitali ulikuwa umenipanda kichwani. Nilichora usiku kucha. Kila mstari ulinyooka, kila kona ilikuwa pembe mraba kamili, wino haukuvuja, raba haikuchana karatasi. Karatasi niliipa ukubwa wa A3, na chini nikaandika kwa herufi nzuri: Skeli 1:10. Urefu wa benchi niliuandika. Upana wa ubao niliuandika. Kimo cha kiti sikukiandika, kwa kuwa picha ilikuwa imeanza kujaa namba na niliona inapoteza uzuri. Anayekitaka, nikasema moyoni, atakipima mwenyewe: milimita 45 kwenye karatasi, sentimita 45 kwenye mbao.

Faili ikaenda kwa simu. Saiba ya pale sokoni ilikuwa na karatasi za A4 peke yake, na printa, kwa ukarimu wa printa zote, ikaubana mchoro mpaka ukaenea. Seremala akachukua rula yake, akapima mguu wa benchi, akapata milimita 32. Akazidisha kwa kumi kama nilivyomwagiza. Akakata mbao za mabenchi ishirini. Mwalimu mkuu aliponipigia simu aliniuliza, kwa upole ulionitoa jasho, kama niliambiwa kwamba hii ni shule ya upili au nilidhani ni chekechea.

Mtafuteni mwenye kosa. Seremala alisoma alichoandikiwa. Kijana wa saiba alichapisha alicholetewa. Programu ilinyoosha kila nilichoiambia inyooshe. Mistari yangu ilikuwa minyofu, na ilikuwa ya uongo. Ndilo nililokuja kuwaambia leo, na likieleweka mapema tutakwenda kula: rula haijui kipimo, haijui mteremko, haijui jicho. Kila rula iliyomo ndani ya programu hizi ina bwana mmoja inayemtumikia, na mchoraji asiyemjua bwana huyo ataletewa mabenchi ya chekechea.

Kwa wale ambao bado mnabeba kikopo cha bati cha vifaa vya jometri, nieleze kidogo. Kwenye karatasi, rula ni kitu. Kalamu hujisugua ubavuni mwake. Kwenye skrini, rula ni amri. Unaweka nukta mbili, programu inakumbuka mstari unaopita kati yake, na brashi yako ikisogea karibu inanaswa, kama gurudumu la mkokoteni lililoingia kwenye mfuo wa jana. Mkono utetemeke utakavyo, wino unafuata mfuo. Ukimaliza unaizima rula, wala hakuna atakayejua ilikuwapo. Haichapishwi.

Jambo hili si geni sana. Neno letu mstari limetoka Kiarabuni, na huko mistara ni rula. Wanakili wa vitabu walikuwa na kadi iliyofungwa nyuzi sambamba. Karatasi ililazwa juu yake, ikasuguliwa kwa kidole, zikabaki alama za mistari zisizo na wino. Mwandishi akaandika juu ya alama hizo. Msomaji akaona maandishi yaliyopangika, asione nyuzi. Aliyebuni tabaka la rula kwenye programu za leo aliibuni upya kadi ile, akaitia umeme.

Umeme wenyewe una umri wake. Mwaka 1963, katika chuo cha MIT kule Marekani, Ivan Sutherland aliwasilisha tasnifu juu ya programu aliyoiita Sketchpad. Alichora kwa kalamu ya mwanga juu ya skrini ya kompyuta kubwa iliyoitwa TX-2. Angechora pande nne zilizopindapinda, kisha akaiambia mashine: pande hizi ziwe sambamba, hizi zikutane kwa pembe mraba, umbo likajinyoosha mbele ya macho yake. Angalieni alichoiamuru. Aliitajia uhusiano wa kuheshimiwa, unyofu ukaja wenyewe.

Leo chombo hicho kimo mfukoni. Vijana wengi niliowafunza huku kwetu hutumia ibisPaint, kwa sababu simu ndiyo waliyo nayo: ina rula ya mstari, ya duara, ya duaradufu na ya miale, pamoja na za ulinganifu. Wenye kipakatalishi nawaelekeza kwa Krita, ambayo ni ya bure, na jina lake ni la Kiswidi, maana yake chaki. Humo rula huitwa msaidizi, jina ninalolipenda, kwa kuwa msaidizi si fundi. Clip Studio Paint ya Wajapani imesheheni rula kuliko zote nilizozizoea, ila ni ya kulipia. Msihangaike na majina. Anayeijua rula ya programu moja ataipata ya nyingine kabla chai haijapoa.

Sasa twendeni shambani, maana somo lenyewe liko huko.

Nyote mmekua mkiyaona matuta ya fanya juu, na wengine mmeyachimba. Wahandisi wa dunia nzima wanapoandika vitabu vyao kwa Kiingereza huandika fanya juu hivyo hivyo, kwa Kiswahili chake. Unachimba mtaro, udongo unaurusha upande wa juu, unakuwa tuta, na mvua baada ya mvua udongo unajisawazisha nyuma yake mpaka mteremko unageuka ngazi. Vilima vya Mbooni na Kilungu vimevikwa ngazi hizo, nyingi zikiwa kazi ya mwethya, yaani kikundi cha kusaidiana kazi, na katika mwethya wengi wao wakiwa akina mama.

Mstari wa tuta ulipatikanaje? Fimbo mbili za urefu mmoja, uzi wa mita kumi baina yake, na pimamaji ndogo ya kuning'inia katikati ya uzi. Wa kwanza anasimama na fimbo yake, hatikisiki. Wa pili anapanda na kushuka mteremkoni, hatua moja juu, nusu hatua chini, huku wa tatu amekikodolea macho kiputo: "Panda. Panda tena. Umepita, rudi." Kiputo kikitulia katikati, kigingi kinapigwa. Wa kwanza anahamia kwenye kigingi hicho na kazi inaendelea. Jioni mkivitazama vigingi kutoka ng'ambo ya bonde, vimejipinda kama nyoka aliyeshiba, vinafuata kila bega na kila kwapa la kilima. Na vyote viko sawa. Maji yakisimama nyuma ya tuta hilo hayana pa kukimbilia.

Sasa mfikirieni mtu anayekuja na rula ya kunyoosha. Anavuta mstari kutoka kigingi cha kwanza hadi cha mwisho, mnyofu, unaopendeza hata kwa picha. Mvua ya Novemba inanyesha, maji yanakusanyika pale mstari ulipokatiza bonde, tuta linapasuka, na la chini yake linapasuka kwa uzito wa la juu. Mtu yule alilitumikia jicho. Kilima kinamtambua bwana mmoja tu, naye ni maji.

Ndani ya programu, tuta huchorwa kwa rula ya mkunjo, na hapo ndipo ninapowaona vijana wakipotea: wanauvutavuta mkunjo mpaka unapendeza. Tafadhalini. Wekeni kwanza vigingi, yaani nukta zilizopimwa shambani, kwenye tabaka lake pekee, kwa rangi nyekundu. Kisha mkunjo uvipitie. Ikiwa mkunjo unaovipitia ni mbaya kwa macho, basi kilima ni kibaya kwa macho, na hamkuajiriwa kukitengeneza sura.

Mchoro ninaompa kila mwanafunzi wangu, hata anayetaka kuchora vikatuni, ni wa bwawa la mchanga. Kitui kuna mamia ya mabwawa hayo; shirika la SASOL limeyajenga pamoja na jamii tangu miaka ya 1990. Upande wa Machakos na Makueni, kikundi cha Utooni, kilichoanzishwa na Joshua Mukusya mwaka 1978, kiliifanya kazi hiyo ijulikane mbali. Mnajua linavyofanya kazi, ila nirudie kwa ajili ya wageni wa Nairobi. Ukuta wa mawe na saruji unajengwa kukatiza mto wa msimu, msingi wake umekaa juu ya mwamba. Mafuriko yanakuja na mchanga. Mchanga mzito unabaki nyuma ya ukuta, tope jepesi linapita juu na kwenda zake. Misimu ikipita bwawa linajaa mchanga, na katikati ya chembe za mchanga yamo maji, robo ya ujazo wote au hata zaidi ya theluthi kama chembe ni kubwa. Jua haliyanywi, ng'ombe hawayakanyagi, mbu hawazalii humo. Si silanga, yaani bwawa la maji ya wazi.

Kwa mchoraji, bwawa hili ni mtihani kwa sababu karibu kila kilicho muhimu hakionekani. Msingi uko chini ya mchanga. Uso wa ukuta unaoelekea mafuriko utafukiwa. Mabawa ya ukuta yamezama ndani ya kingo. Kwa hiyo mchoro unajaa mistari ya vipande, ile ambayo kwa kanuni za kazi yetu huonyesha kingo zilizofichika. Rula ya programu ya sanaa inakupa mstari mzima, mrefu, safi. Vipande inabidi uvikate mwenyewe, uinue kalamu na kuishusha, na vinatoka kimoja milimita mbili, kingine tano, kingine kimeungana na jirani yake kwa uchovu. Nimewahi kusahihisha karatasi ambayo msingi wa bwawa ulionekana waziwazi juu ya mchanga, kwa sababu mstari wa vipande ulichoka njiani ukawa mzima. Fundi mwashi akiufuata mchoro ule atajenga ukuta unaoning'inia miguu hewani. Dawa yake ni brashi ya vipande, au tabaka la vekta ambalo unaweza kulibadilishia aina ya mstari baadaye. Iko pia dawa ya kizamani: chora mstari mzima, washa gridi, kisha pita na raba ukifuta kimraba kimoja na kuruka viwili.

Katikati ya ukuta huachwa sehemu iliyo chini kuliko mabawa, njia ya maji. Hapo rula ya ulinganifu hutega mtego wake. Mwanafunzi anachora nusu ya ukuta, programu inamkamilishia nusu ya pili kama kioo. Anafurahi, amemaliza kazi kwa nusu ya muda. Lakini ni mto gani wa kwetu, Kaiti, Tiva au Nzeeu, wenye ukingo wa kushoto ulio pacha wa ukingo wa kulia? Huku mwamba uko mita moja chini, kule mmechimba mita tatu na bado ni udongo. Rula ya ulinganifu ni mtumishi wa kioo. Itumieni kwa mlango, kwa kiti, kwa nembo ya chama cha akiba. Mkifika mtoni izimeni.

Kabla sijasahau, kuna kitu niliaibishwa nacho kule Mwingi, na kwa kuwa leo ni siku ya kuungama nikiseme. Kiondo kinaanzia kitovuni: nyuzi chache za katani zinapishana, na kutoka hapo zinatawanyika kama miale, huku uzi wa kusukia ukizunguka na kuzunguka. Nikaona: hii ni rula ya miale na rula ya miduara, zikiwashwa pamoja. Kwa dakika tano nilikuwa na kitako cha kiondo kilichopimika kuliko vyote Ukambani. Nikamwonyesha mama mmoja msusi. Akakiangalia, akakigeuza kishikwambi, akanirudishia kwa heshima zote. "Mwalimu, hiki kitamwaga mahindi." Miale yangu ilikuwa ishirini na nne kitovuni na ishirini na nne ukingoni. Msusi, kila mzunguko unapopanuka na nafasi kati ya nyuzi kuanza kulegea, huchomeka uzi mpya. Rula ya miale inagawanya duara tu. Habari za mahindi haina.

Rula ya perspektivu hulitumikia jicho, na jicho lina mahali lilipo. Vitabu vya kigeni huifundisha kwa barabara zenye miti ya Ulaya. Sisi tuna reli. Simameni mahali panaporuhusiwa, karibu na stesheni ya Kibwezi au Mtito Andei, mwitazame reli mpya ikienda zake: pau mbili zilizotengana milimita 1,435 kila mahali, na bado zinakutana kwenye upeo wa macho. Pale zinapokutana ndipo penye nukta ya kutoweka. Ukichuchumaa, upeo unashuka nawe. Ukipanda darajani, unapanda nawe. Basi swali la kwanza la rula hii halimo ndani ya programu: nimesimama wapi, na jicho langu liko kimo gani?

Brunelleschi wa Florence alilionyesha jambo hili mwanzoni mwa karne ya 15, na Alberti akaliandikia kitabu mwaka 1435. Karibu miaka mia sita baadaye, mwanafunzi wangu huziweka nukta mbili za kutoweka ndani ya karatasi, kwa kuwa anapenda kuziona, na nyumba yake inatoka na kona kali kama omo la jahazi. Zitoeni nje. Zamani tulipiga msumari ukutani, mbali na meza, tukafunga uzi. Leo unalipunguza turubai kwenye skrini mpaka linakuwa kama stempu, kisha nukta unaiweka huko nje, mbali.

Na rula hii kuna mahali inaponyamaza. Itakuonyesha pau za reli zielekee wapi. Haitakuambia taruma linalofuata liwe umbali gani, na wengi hukisia, reli ikaonekana kama ngazi iliyotupwa chini. Hesabu yake ni nyepesi. Chora mataruma mawili ya kwanza. Tafuta katikati ya taruma la pili. Kutoka mwisho wa kushoto wa taruma la kwanza, pitisha mstari kwenye katikati hiyo mpaka uguse pau ya kulia: hapo ndipo linapolala taruma la tatu. Endelea hivyo mpaka Mombasa.

Isometriki ni kinyume chake. Mwaka 1822 Profesa William Farish wa Cambridge aliieleza kama njia ya kuchora mashine: mihimili mitatu, digrii 120 kati ya mmoja na mwingine, na mistari sambamba haikutani kamwe. Jicho linalalamika kidogo. Upande wa nyuma huonekana kama umevimba. Lakini laza rula popote kwenye mojawapo ya mihimili hiyo, kipimo ni kilekile, mbele hata nyuma. Kwa benchi, kabati au tangi la maji, chora isometriki. Perspektivu mwekeeni mteja, apende, alipe.

Kuna kitu hamtakiamini mpaka mkikuze. Chukua rula, chora mstari wa digrii 30, kisha kuza mara nane. Mstari haupo. Ipo ngazi. Skrini ni shamba la vimraba, na ndani yake hakuna mshazari, kuna matuta tu. Ulaini mnaouona ni rangi ya kijivu iliyopakwa kwenye kona za ngazi kulidanganya jicho. Mwaka 1962, Jack Bresenham akiwa IBM alitunga njia ya kuchagua, kimraba baada ya kimraba, kipi kiguswe ili ngazi isiuache mbali mstari wa kweli, kwa kujumlisha na kutoa namba nzima peke yake. Njia hiyo inatumika hadi leo. Nikiisoma huwa namsikia yule wa tatu katika mwethya, mwenye kutazama kiputo: panda, panda tena, umepita, rudi.

Kwa digrii 30 ngazi hizo hazilingani: vimraba viwili, viwili, kimoja, viwili. Ndiyo maana wachoraji wa michezo ya kompyuta huenda mbili na kupanda moja, ambayo ni digrii 26.57, wakaiita isometriki kwa heshima tu. Inapendeza kwenye mchezo. Kwenye benchi ni uongo wa karibu digrii tatu na nusu.

Benchi, tena. Nimewaahidi kuungama, sasa niwape na kitubio. Kabla ya rula yoyote, jengeni karatasi. A4 kwa vitone 300 kwa inchi ni pikseli 2,480 kwa 3,508. Ukuta wa bwawa wa mita 20, kwa skeli ya 1:100, una milimita 200. Unaingia kwenye A4 iliyolazwa na nafasi inabaki. Mita moja ni milimita 10, na milimita 10 ni pikseli 118. Wekeni gridi ya pikseli 118. Sasa kila kimraba ni mita moja ya Tiva. Kijana anayefungua turubai la pikseli elfu kwa elfu, kwa kuwa ndilo lililojitokeza, ana picha. Skeli hana, na hataipata kwa kuiandika chini kwa herufi nzuri.

Kisha, kabla ya ukuta, hata kabla ya jina lako, chora skeli ya mstari: fimbo ndogo chini ya karatasi, iliyogawanywa sifuri, moja, mbili, mpaka tano. Printa ikiubana mchoro, fimbo inabanwa pamoja nao. Seremala wangu angekuwa nayo, angeilazia rula yake, angeona kwamba sentimita kumi za mbao zimekuwa milimita saba za karatasi badala ya kumi, na angenipigia mimi kabla ya kushika msumeno. Halafu andikeni vipimo vyote. Picha ikijaa namba, ongezeni karatasi.

Namwona mhandisi mmoja hapo mbele amekunja mikono. Anataka kuniuliza kwa nini nisiwafunze FreeCAD au LibreCAD yakaisha, maana ni za bure na zinajua vipimo. Nawafunza, wenye kompyuta. Lakini wa gredi ya saba anayeanza somo la maandalizi ya ufundi ana simu ya mama yake, jioni, baada ya mama kumaliza kuongea.

Swali la wazee ni gumu zaidi. Mutisya Munge wa Wamunyu, kwa jirani zetu wa Machakos, alirudi kutoka Tanganyika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia akiwa ameongeza ujuzi wa kuchonga, na ufundi huo ukaenea Ukambani bila rula wala karatasi. Swala anatoka kwenye gogo kwa tezo na jicho. Basi rula za nini? Jibu langu ni kwamba mchongaji ndiye anayefikiri na ndiye anayekata. Kichwa na tezo vimo katika mwili mmoja. Mchoro unahitajika siku mwenye kufikiri yuko Wote, mwenye kukata yuko Mutomo, na kati yao pana saiba yenye karatasi za A4.

Nimebakiwa na dakika ishirini na harufu imezidi. Fungueni simu. Turubai la pikseli 3,508 kwa 2,480, limelazwa, gridi 118. Wenye chaji chini ya asilimia ishirini wasogee ukutani, soketi ziko chini ya dirisha. Bwawa letu lina upana wa mita 16. Ukingo wa kushoto mwamba uko mita 1.2 chini, wa kulia bado tunachimba. Nani anaweka kigingi cha kwanza?